Kulitafuta Sanduku la Miale, Sumbawanga Hadi Kasanga

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1978, alfajiri, mke wangu Stefania alifariki hospitalini Sumbawanga kwa homa ya siku tano. Siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama, sanduku la kazi lilipotea kwenye lori ambalo mimi ni utingo wake. Habari ya kwanza mnaijua, mlikuja kunishika mkono. Ya pili mmeisikia nusunusu, na tangu nirudi kila mtu hapa kambini Sumbawanga ananiuliza kivyake. Nimechoka kusimulia vipande. Naandika yote mara moja, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Sanduku lilikuwa la bati, la kijivu, urefu wake kama mkono mmoja, zito kuliko linavyoonekana kwa sababu kuta zake zimejazwa risasi, yale madini laini mazito. Ndani kuna kifaa cha kupimia kama udongo wa barabara umeshindiliwa vizuri, na ndani ya kifaa kuna chembe ndogo kama punje ya ulezi inayotoa miale ya gama. Miale hiyo haionekani, haina joto wala harufu. Kizibo kikifungwa inabaki ndani. Kikifunguka, anayekaa karibu kwa muda mrefu anaumia bila kujua. Mtu akikivunja kifaa na kuitoa ile chembe, akaitia mfukoni, anaoza nyama.

Lori lilitakiwa kwenda moja kwa moja kutoka Sumbawanga hadi kambi ya Kasanga. Dereva wangu, Mzee Leonsi, alinikuta asubuhi ile nimekaa chini nje ya chumba cha maiti. Akasema, "Inuka, Deo. Tunampeleka kwao." Kibali hakuwa nacho, wala hakukiomba, kwa sababu angenyimwa. Jeneza tuliliweka katikati ya mabomba na mahema, ndugu wakapanda, na baada ya Matai tukaiacha barabara kuu tukaingia njia ya Katuntu, kijiji cha wakwe zangu. Mimi nilibaki msibani. Mzee Leonsi alifika Kasanga jioni, akakuta sanduku halipo. Ofisini alisema limeanguka barabarani. Jeneza hakulitaja, na njia ya Katuntu hakuitaja.

Niliporudi kazini alinivuta pembeni. "Nina miaka kumi na minane kwenye usukani. Ukisema, nimekwisha."

Nikamwambia sitasema. Na moyoni nilikuwa na hakika sanduku liliangukia njia ya Katuntu, pale kwenye kivuko cha mto, ambapo lori liliinama mpaka jeneza likateleza.

Sumbawanga hadi Matai

Mtaalamu wa miale alifika baada ya wiki nne, akiendesha Land Rover mwenyewe. Jina lake Ambakisye, mtu wa Tukuyu, mfupi, mwenye kucheka haraka. Alikuwa amevaa sweta mbili na bado akalalamika upepo wa Ufipa. Ofisi ilinipa mimi niende naye kwa kuwa ndiye niliyefunga mzigo ule. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi sanduku lilipopotea.

Mashine yake ilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na kichwa, chuma cha mviringo kama chupa kubwa ya chai, na kulikuwa na kisanduku chenye sindano, swichi na visikilizio vya masikioni. Kichwa alikifunga juu ya paa la gari. Gari lilikwenda mwendo wa mtu, mimi nikatembea mbele nikiangalia mitaro na vichaka. Kila kilomita moja tulisimama. Hapo aliteremsha kichwa, akakivika kola nzito ya risasi, akanipa nikizungushe.

"Kichwa kitupu kinasikia pande zote," alisema. "Kikivaa kola kinasikia mbele tu. Elekeza mashariki. Subiri. Sasa kusini. Polepole, bwana, hupepeti ulezi!"

Kila upande alisoma sindano, akaandika, kisha akachora mshale kwenye ramani. Miale mingi, mshale mrefu. Miale michache, mshale mfupi. Alikuwa na penseli mbili, ya bluu na nyekundu, na siku ya kwanza sikujua ile nyekundu ni ya nini, maana hakuishika kabisa.

Nilijua siku ya pili. Tulikuwa tunapita chini ya majabali makubwa, sindano ikaruka. Nilifurahi, kwa sababu kama lipo hapa, njia ya Katuntu haina habari na Mzee Leonsi amepona. Nikaanza kukimbilia mtaroni.

"Rudi," Ambakisye aliniita. "Ni jiwe."

"Jiwe vipi, na sindano imeruka?"

Akazungusha swichi mara nne, kila mara akisubiri. "Iliyoruka ni idadi. Kuna idadi ya miale na kuna nguvu ya kila mwale. Swichi hii inachuja nguvu. Miale ya mawe haya ina nguvu yake, ya sanduku letu ina yake, hailingani. Tazama." Aliweka swichi mahali pa sanduku, sindano ikalala. Akaiweka mahali pa mawe, ikasimama. "Hili jabali linaimba tangu dunia iumbwe. Linaimba wimbo mwingine."

Akachora mshale mrefu wa bluu. Nyekundu, ya sanduku letu, ilibaki mfukoni.

Siku ya tatu yote ilipotelea katika kijiji kimoja kabla ya Matai. Mgambo wawili walitusimamisha, wakatupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Walikuwa wamenitazama nikizungusha kichwa cha mashine kuelekea kusini, na wameelezwa wawe macho na vibaraka wa makaburu. Mwenyekiti alisoma barua yetu mara tatu.

"Hii barua nzuri," alisema. "Na mpelelezi naye huja na barua nzuri. Hiyo si redio ya upepo?"

"Si redio, ndugu mwenyekiti. Inapima miale."

"Ina sindano, ina swichi, ina kitu cha kuvaa masikioni. Basi ifungulie tusikie taarifa ya habari ya saa saba."

Ambakisye alicheka, na hapo akaharibu. Tulikaa kwenye benchi la ofisi mpaka mjumbe aende Matai kwa baiskeli na kurudi. Mke wa mwenyekiti alituletea ugali wa ulezi na maharage, na chai isiyo na sukari kwa kuwa duka la kijiji halikuwa na sukari tangu Juni. Mwenyekiti alikula nasi. Mjumbe aliporudi na jibu, aliinuka, akatupa mkono sote wawili, akasema, "Msinichukie. Ningewaachia, na kesho ingekuwa kweli, ningejibu nini?"

Sikumchukia. Nilikuwa nawaza mtu anayejua jambo na anayekaa kimya, naye atajibu nini.

Matai hadi Kasanga

Tuliondoka Matai asubuhi yenye ukungu. Kabla ya saa nne tukafika penye njia panda. Ambakisye alisimamisha gari.

"Hii inakwenda wapi?"

"Vijijini."

"Lori lilipita huku?"

Nikasema, "Barabara ya Kasanga ni ile." Halikuwa jibu. Yeye aliitikia kwa kichwa, akatia gia, na mimi nikatangulia mbele ya gari nikitembea haraka hadi akapiga honi.

Tangu hapo sikutulia. Usingizi ulikuwa wa vipande. Nilipokaa nilitaka kusimama, niliposimama nilitaka kutembea. Nilijaribu kufikiri juu ya Stefania kama mfiwa anavyopaswa kufikiri, nikashindwa, kwa sababu kila nilipomwona niliona lori limeinama kwenye kivuko, na mtu asiye na habari anaokota sanduku majini. Hata kilio changu kilikuwa kimechukuliwa na sanduku.

"Unakwenda kama mtu anayekimbiza basi," Ambakisye alisema. "Kuna nani Kasanga?"

"Hakuna."

Mchana wa siku ya pili tulipumzika kwa familia moja ya wakulima, watu wa kanisa, picha ya Bikira Maria juu ya mlango. Mama wa nyumba alitupa ugali na majani ya maboga yenye karanga. Aliona sili.

"Wewe baba, mkeo anakupikia nini hata chakula changu ukione hivi?"

"Chakula chako kizuri, mama. Mke wangu amefariki."

Akashika mdomo. "Pole, baba. Nisamehe. Lini?"

"Mwezi uliopita. Tarehe kumi na nne."

Ambakisye aliacha kutafuna. Alinitazama, halafu akatazama daftari lake lililokuwa juu ya jamvi, halafu akaendelea kula. Alipomaliza alinipa pole kwa lugha ya kwao. Jioni ile alichora mishale yake bila kunitania.

Kasanga

Barabara inateremka kutoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto. Ambakisye alivua sweta ya kwanza nusu ya mteremko na ya pili tulipoona ziwa. Tulipima mpaka kambini, tukapima kuzunguka bandari, tukapima hata chini ya boma la zamani la Wajerumani. Hapo watu walitujaa. Walishaamua tunatafuta nini kabla hatujawaambia.

Mama mmoja muuza samaki, mnene, mwenye sauti, alituzuia njia na beseni lake. "Semeni kweli, wanangu. Mmeziona?"

"Tumeona nini, mama?"

"Rupia za Mjerumani! Babu yangu alibebeshwa masanduku siku wanakimbia. Chimbeni pale kwenye mlingoti, halafu mnikumbuke mimi Mama Samaki."

"Tunatafuta sanduku, lakini la kazi," nikasema.

"Si ndiyo nasema, sanduku!" Akageukia wenzake. "Mmesikia? Amekiri mwenyewe!"

Basi kila tulipozungusha kichwa cha mashine, watu thelathini waligeuka upande ule na kuanza kubishana nani mwenye shamba. Mishale ilikuwa ya bluu, yote. Ambakisye alitandaza ramani juu ya boneti. Kutoka Sumbawanga hadi ziwani ilikuwa bluu, mirefu kwenye mawe, mifupi kwenye mbuga, kama mwiba wa samaki.

Tulikula migebuka ya kuchoma chini ya kibanda. Akasema, "Kesho naandika taarifa. Sanduku halipo barabarani. Ama limo ziwani, ama limevushwa kwa boti kwenda Zambia. Kazi imefungwa."

"Na likiwa limeokotwa na mtu?"

"Likiwa limeokotwa na mtu, Mungu amsaidie asiwe na nyundo."

Nilinawa mikono kabla sijamaliza samaki. Nikamweleza. Nilianza na chumba cha maiti, nikaja kwenye lori, jeneza, njia panda, kivuko. Nilimtaja Mzee Leonsi kwa jina, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuisema habari ile bila yeye.

Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akatembea mpaka majini, akarudi.

"Siku sita, Deo! Siku sita nimepima mawe ya Ufipa kama mwendawazimu. Nilikuuliza pale njia panda."

"Uliniuliza."

"Tarehe kumi na nne niliiona. Nikasema, hapana, mfiwa asichokozwe. Kumbe mfiwa ananizungusha." Akakaa. "Dereva wako atafukuzwa. Unajua?"

"Najua. Alinibebea mke wangu."

"Mimi sikuja kutafuta dereva. Lakini nikilipata sanduku lazima niandike limepatikana wapi. Na palipo na mahali, watauliza lilifikaje."

"Andika," nikasema. Neno dogo, lakini lilinitoka kwa shida kuliko yote niliyokuwa nimesema kabla.

Njia ya Katuntu

Jumapili tulipanda tena mlima, Jumatatu asubuhi tukaingia njia panda. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye kivuko. Tulipima ng'ambo hii na ng'ambo ile. Niliingia majini mpaka kiunoni, nikapapasa chini kwa miguu na mti mrefu, kutwa nzima, maji ya Septemba baridi kama nini. Ambakisye alikuwa ukingoni na swichi yake.

"Bluu," alisema. Baada ya muda tena, "Bluu, Deo. Toka, utakufa nimonia nami nitaulizwa."

Nilitoka nikitetemeka. Sikuwa na mahali pengine pa kutafuta. Kama siyo kivuko, basi sikujua chochote, na nilikuwa nimemuuza Mzee Leonsi kwa mto mtupu.

Jumanne tuliendelea mbele kwa sababu tu njia ilikuwa inaendelea. Tuliingia Katuntu saa tano. Nilitaka niwaamkie wakwe na tugeuze. Gari lilikuwa linapita polepole kati ya nyumba, na mimi natembea kando, ghafla Ambakisye akafunga breki. Alizungusha swichi, akarudisha, akazungusha tena. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa ile penseli nyekundu.

Tulivika kola. Kutoka pale tulipokuwa, kichwa kilisikia zaidi kaskazini. Akachora mstari. Tukazunguka hadi kwenye ua wa shule, kikasikia magharibi. Mstari wa pili. Tukaenda nyuma, kwenye mashamba yaliyovunwa, mstari wa tatu. Aliuchora mchoro wa kijiji kwenye ukurasa wa daftari, nyumba moja moja, na mistari mitatu myekundu ilikutana juu ya nyumba yenye bati mbele na nyasi nyuma.

"Nyumba hii ya nani?"

Nilikuwa nimeijua tangu mstari wa pili.

"Ya mama mkwe wangu."

Nyumba ya mama mkwe

Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, hasimami naye uso kwa uso, na hata chakula hutengwa mbali. Siku za msiba nililala kwa jirani. Nilisimama uani, ubavu ubavu, nikitazama ghala. Mama mkwe alikuwa na wanawake wanne wanatwanga kimea cha ulezi, pombe ya kumaliza msiba Jumamosi, siku ya arobaini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja mapema. Msiba ni Jumamosi."

"Nimekuja kwa jambo la kazi, mama. Kuna sanduku lilipotea kwenye lori siku ile. La bati."

"Sanduku la kazi hatukuliona. Hapa lipo sanduku la marehemu tu."

Ambakisye na mimi tulitazamana. "La marehemu likoje, mama?" aliuliza yeye.

"Si la bati? La kijivu, lina ua la manjano kwenye kifuniko. Lilishushwa pamoja naye. Zito! Wanaume wawili. Nimeliweka chumbani kwangu, hakuna aliyeligusa, mpaka Jumamosi ndugu wagawane. Ufunguo hatukuuona, tumeshamwambia mhunzi aje na patasi."

Ua la manjano. Mnaijua alama ile ya miale, mapanga matatu kwenye duara, ya kumwambia mtu akae mbali. Na mnayajua masanduku ya bati ya sokoni Sumbawanga ambayo kila binti anayeolewa hununuliwa, yote yana maua. Hakuna mtu Katuntu angeweza kuona kitu kingine. Mimi siku ile nilikuwa nimejifunika blanketi kichwani, sikuona kilichoshushwa wala aliyekishusha. Na katika chumba lilimowekwa sikuweza kuingia. Kumbe mimi na sanduku tulikaa katika ua mmoja siku nne.

Ambakisye aliomba ruhusa akaingia peke yake. Alikaa humo muda wa kuchemka sufuria ya maji. Wanawake waliacha kutwanga. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka.

"Kifuniko kimebonyea kona, na kizibo cha ndani kimesogea upana wa kidole. Nimekisukuma, kimefunga." Aliongea nami kwanza, kwa sauti ya chini. "Tundu lilielekea ukutani. Mungu ni mwema, Deo. Kitanda kiko upande wa pili, hatua tatu. Nimepima kwenye mto wa kulalia. Alichopata ni kingi kuliko anachotakiwa kupata mtu, lakini hakijafika cha kuumiza. Hata hivyo damu yake ipimwe. Na nyuma ya ukuta kuna nini?"

"Ghala la ulezi."

Hapo kukazuka kelele. Mwanamke mmoja alisikia "ulezi" na "miale", akainua kinu amwage kimea. Mwingine alisema pombe yote ni sumu. Ambakisye alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mama zangu! Mkimulika unga kwa tochi, halafu mkaizima, unga unabaki na mwanga?"

"Haubaki."

"Basi na hii ni hivyo. Imepita, imekwenda. Ulezi ni mzima."

"Kama ni mzima," mama mkwe alisema, "onja."

Ambakisye ni Mmoraviani wa kweli, pombe hajaigusa tangu kipaimara. Aliletewa kata ya pombe ya juzi, ya ulezi uleule. Alitutazama wote, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo. Wanawake wakapiga vigelegele, wa kwanza nyumbani pale tangu mazishi, wakashtuka wenyewe wakanyamaza.

Sanduku lilitolewa likawekwa kwenye gari, na gari likaegeshwa mbali, mashambani. Mama mkwe alilitazama likipita. Alikaa chini ukumbini. Sikugeuka, lakini nilimsikia vizuri.

"Kwa hiyo mwanangu hakuacha kitu."

"Aliacha, mama. Khanga tatu na sufuria mbili. Vilikuwa kwenye kile kifurushi cha shuka."

"Hicho nilikijua. Nilikuwa nasema kuna na hiki. Kila nikilala nasema, zito hivi, mwanangu alijiwekea, alikaa vizuri na mumewe."

Kweli sanduku halikuwa la Stefania, na nisingeweza kuligeuza kuwa lake.

Kurudi Sumbawanga

Hakukubali kwenda hospitali kabla ya msiba kumalizwa, na Ambakisye alisema siku nne hazibadili kitu maadamu sanduku limetoka. Jumamosi khanga tatu ziligawanywa, sufuria zikagawanywa. Mhunzi alikuja na patasi yake kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Akapewa pombe, akarudi kwao.

Jumapili tuliondoka. Sanduku lilikaa nyuma kabisa, limezungushiwa matofali ya risasi, na Ambakisye alikataa mtu yeyote akae nyuma. Kwa hiyo ilibidi watu watatu mbele, na Ambakisye ndiye anayeendesha. Mama mkwe alizunguka gari mara mbili akitafuta namna. Namna haikuwepo. Alipanda katikati, akajifunika khanga mpaka machoni, mimi nikajibana mlangoni mpaka kitasa kikanichora ubavu. Tulikwenda hivyo hadi Matai. Kwenye mashimo ya baada ya Matai gari liliruka, akanishika mkono kwa nguvu, na hakuuachia upesi. Alisema ndani ya khanga, "Muombe radhi marehemu baba mkwe wako huko aliko." Nikasema, "Nimeomba, mama."

Hospitalini walimtoa damu, wakasema ni nzuri, arudi baada ya mwezi. Analala kwa dada yake hapa mjini.

Jumatatu jioni nilikwenda kwa Mzee Leonsi kabla ofisi haijamwita. Nilimkuta nje anakata kuni. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

Hakuacha kukata mpaka gogo likaisha. "Nilikubebea mkeo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nikakuomba jambo moja."

"Ndiyo, baba. Nikakuahidi, na nimevunja."

"Yule mama ni mzima?"

"Mzima. Wamepima damu."

Akaweka shoka. Mkewe alitoa maji ya kunawa na ugali, na tulikula watatu. Baada ya kula nilimwonyesha maelezo niliyokuwa nimeandika ya kupeleka ofisini. Nilikuwa nimeandika kwamba mimi ndiye niliyeomba lori liingie Katuntu, na kwamba wanakijiji walishusha sanduku kwa bahati mbaya. Yeye hasomi vizuri, nikamsomea. Alinisimamisha kabla sijafika mwisho.

"Hukuomba. Ulikuwa umekaa chini, hata jina lako ulikuwa hulijui. Futa hapo."

Nikafuta.

"Na hao wanakijiji. Hawakujua kipi cha kushusha. Waliniuliza mimi, mimi nina haraka ya Kasanga, nikawaambia kutoka dirishani, shusheni vyote vya marehemu, hata lile sanduku. Nilidhani ni lake. Niliona ua." Alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Hilo nililikumbuka siku ya pili, nikalinyamazia. Na wewe nikakuambia limeanguka. Liandike."

Niliandika. Akaweka sahihi yake polepole, herufi moja moja, na asubuhi ya Jumanne tuliipeleka ofisini wote wawili.